Barua Iliyobaki Mfukoni

Muadhini wetu huadhini mkono mmoja ukiwa sikioni. Wa pili ameukandamiza kinenani, palipo na ngiri. Tangu kabla ya Ramadhani jina lake limo katika orodha ya upasuaji ya hospitali ya mkoa. Mara tatu ameacha kula tangu usiku wa manane, kama alivyoagizwa (njaa isiyo na thawabu za saumu, hutania mwenyewe), na mara tatu amerejeshwa nyumbani adhuhuri bila kuguswa. Mara ya kwanza chumba kilishikwa na wajawazito waliohitaji kujifungua kwa upasuaji. Mara ya pili mtaalamu wa usingizi alikuwa mmoja, naye kaitwa kwa majeruhi wa ajali. Ya tatu hatukuambiwa sababu.

Madaktari hatuwalaumu. Mwaka 2015 tume ya jarida la tiba la Lancet ilikadiria kuwa watu bilioni 5 duniani hawapati, pale wanapouhitaji, upasuaji ulio salama na wa gharama wanayoimudu. Lakini ngiri haingoji kwa adabu. Utumbo ukinaswa na kukosa damu, ugonjwa wa kusubiri hugeuka dharura ya saa chache, na hilo ndilo lililotukosesha usingizi wanakamati.

Tukakaa baada ya Isha. Mjumbe mmoja akasema yupo muumini wetu afanyaye kazi pale. Kwa barua yenye muhuri wa msikiti, jina la mzee lingeingizwa katika orodha ya Alhamisi. Hakuna aliyepinga. Sisi, kwa nafasi yetu ya ukatibu, tukaiandika usiku uleule, tena kwa lugha nzuri kabisa, tukataja miaka aliyoitumikia nyumba ya Allah.

Asubuhi, tukiwa kwenye benchi tukimngoja mwenyeji wetu, alikaa kando yetu mama mmoja amempakata mwanawe. Ametoka kijiji cha mbali, ameahirishwa mara tano, na fedha ya nyumba ya wageni imemwishia. Ugonjwa wa mtoto ni ngiri. Tukamuuliza, kwa udadisi tulioujutia papo hapo, amepangiwa lini.

"Alhamisi, shehe. Wanafanya sita, nasi ni wa sita."

Barua ilikuwa mfukoni mwa kanzu. Mwenyeji wetu alipotokea tulimjulia hali, tukamuuliza habari za watoto, tukaaga.

Njiani tulijiuliza kama tulikuwa na haki ya kufanya ukarimu kwa mwili wa mtu mwingine. Jibu hatujalipata. Tulipofika kwa muadhini, mkewe alitangulia kuuliza, "Barua mmeifikisha?" Tukasema hapana, tukaeleza kilichotuzuia. Tangu siku ile huitikia salamu yetu kwa mkato, na anayo haki: yeye ndiye asikiaye mumewe akigugumia usiku.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akauliza mtoto ana umri gani.

"Miaka minne."

Akatazama saa ya ukutani, akajishika kinena, akanyanyuka kwenda kuadhini Alasiri.