Maji na Kuta za Wazee Wetu

Sisi wakaaji wa Bafwasende hatuna haja ya kufundishwa mvua ni nini. Nchi yetu iko karibu na mstari wa ikweta, katikati ya msitu mkubwa, na mto Lindi twauona ukivimba na kupungua mbele ya macho yetu. Mtu akituambia kwamba maji huharibu nyumba, twamjibu kwamba hilo twalijua tangu utoto. Hata hivyo, wasomaji wapenzi, kuna jambo moja juu ya maji na nyumba ambalo watu wengi hawalijui. Kwa sababu hiyo makanisa ya zamani, nyumba za mapadre na shule zilizojengwa kwa mawe hufa mikononi mwa watu wanaozipenda.

Jambo lenyewe ni hili: ukuta wa zamani waweza kuvumilia maji yanayoingia, mradi yapate njia ya kutoka. Ukiyafungia ndani, umeuua.

Ili tuelewe vizuri, tutazame kwanza namna wazee walivyojenga. Padre Gabriel Grison alipofika kwenye maporomoko ya Stanley, mahali paitwapo leo Kisangani, mwaka 1897, simenti haikuwa kitu cha kununua sokoni. Katika misioni nyingi za msituni watu walijenga kwa kile walichokipata: mawe ya mtoni, mawe mekundu yenye matundu, na matofali yaliyochomwa palepale. Waliyaunga kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, na penye chokaa walitia chokaa. Ukuta wa namna hii ni mnene, na ndani yake una vitundu vidogo visivyohesabika. Mvua ikinyesha, hunywa. Jua likiwaka, hutoa. Kila mama ajua kwamba mtungi wa udongo hutoka jasho, na kwa jasho hilo maji hubaki baridi. Ukuta wa zamani nao una jasho lake.

Sasa mtu aja na mfuko wa simenti. Simenti ni ngumu, nayo haipitishi jasho kwa urahisi. Aipaka ukutani, ukuta waonekana mweupe na mpya, na watu wote wafurahi. Lakini ukuta wa mawe na udongo hujongea kidogo kila mwaka, na lipu ya simenti haiwezi kujongea pamoja nao. Basi hupasuka nyufa nyembamba kama unywele. Maji ya mvua huingia humo. Na maji ya ardhini nayo hupanda kutoka chini, kama mafuta yanavyopanda katika utambi wa taa. Yakishaingia, hayaoni mlango wa kutokea. Udongo unaounga mawe hugeuka tope nyuma ya lipu, na kwa nje hakuna anayejua.

Twajua methali isemayo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali ya kweli, wala hatuikatai. Lakini mwenye busara huuliza maswali mawili kabla ya kuziba: ufa huu umeletwa na nini, na nitauziba kwa kitu gani?

Maswali haya tuliyakuta katika kigango kimoja kando ya kijito kinachoingia Lindi. Kanisa lake lilijengwa katika miaka ya 1950, na miaka mingi baadaye fundi mmoja wa kupita alilipaka lipu ya simenti nje na ndani. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 maji yalijaa sehemu nyingi za nchi yetu. Kinshasa, mto Kongo ulipanda hadi mita 6.20, karibu sawa na mwaka 1961 ulipofika mita 6.26. Kwetu sisi kijito kilitosha. Maji yalikaa kanisani siku tatu, yakifika magotini. Yalipoondoka, yaliacha tope, na baada ya wiki chache vipande vya lipu vyenye ukubwa wa mlango vilianza kuanguka. Nyuma yake mawe yalikuwa yamelegea kama meno ya mzee.

Wakristu walikutana baada ya Misa. Kijana mmoja alisimama akasema, "Mwalimu, tubomoe. Tujenge kwa matofali ya simenti. Mawe haya ni mambo ya Wabelgiji." Wengi walipiga makofi, maana sadaka ya mavuno ilikuwa imekwisha kununuliwa mifuko ya simenti, nayo ilikuwa imeletwa kwa baiskeli na kuwekwa ghalani. Ndipo bibi mmoja, mkongwe kuliko wote waliokuwapo, akasema bila kusimama, "Wabelgiji hawakubeba hata jiwe moja. Baba yangu aliyabeba kichwani kutoka mtoni, nasi watoto tulimfuata na mchanga katika vikapu. Mkibomoa, mniambie kwanza mtayaweka wapi mawe ya baba."

Hakuna aliyecheka. Lakini upendo wa bibi peke yake haukuweza kushikilia ukuta, na sisi tulikuwa na watoto zaidi ya arobaini waliofundishwa katekisimu chini ya ukuta ule kila Jumamosi. Siku ileile tuliwahamishia chini ya kibanda cha majani. Heshima kwa wazee ni kitu kikubwa, na uhai wa mtoto ni kikubwa zaidi.

Tusidhani kwamba hatari hii ni ya msituni tu. Katika Mji Mkongwe wa Unguja, ulioandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hushikwa na boriti za mikoko. Paa likivuja, ncha za boriti zilizomo ndani ya ukuta huoza kimya kimya. Mjini humo kuna Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883. Ilikuwa imechakaa miaka mingi. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya kuitengeneza ilikuwa ikiendelea, sehemu kubwa ya upande wa mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu 2 wakafa. Nyumba kubwa ya sultani ilianguka mchana; kanisa dogo la kijiji litasimama kwa nguvu gani lisipotunzwa?

Lakini pwani hiyohiyo yatupa pia moyo. Huko Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, mawimbi yalikuwa yakila ufuko na misingi ya majengo ya kale, na mwaka 2004 magofu yale yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini. Kuta za kuzuia mawimbi zilijengwa, mikoko ikapandwa, na mawe yaliyolegea yakaungwa tena. Mwaka 2014 Kilwa iliondolewa katika orodha ile ya hatari. Ulaya nako, bahari iliingia Venezia tarehe 12 Novemba 2019 ikafika sentimita 187, ikaingia hata katika Basilika ya Mtakatifu Marko. Maji yalipotoka, chumvi yake ilibaki katika matofali na marumaru. Chumvi ikikauka hukua kama mbegu, na kukua kwake hupasua jiwe. Unga mweupe tuuonao chini ya kuta zetu ni ndugu wa chumvi hiyo.

Turudi kigangoni. Tulimwita mzee mmoja mwashi, aliyejifunza kazi zamani kwa mabruda wa misioni. Hakuleta mwiko wala kamba. Aligongagonga lipu kwa mpini wa kisu, nayo ikalia kama ngoma. Akasema, "Mmemvika mgonjwa wa homa koti la mpira. Mvueni." Kisha akaomba jambo lililotushangaza: tusifanye kazi yoyote mpaka mvua inyeshe.

Mvua haikukawia. Mzee alisimama nje na jani la mgomba kichwani, akizunguka kanisa, nasi nyuma yake. Kwa saa moja ile tulijifunza mengi. Mabati yalikuwa mafupi, na maji yake yalianguka sawasawa kwenye mguu wa ukuta. Ardhi ya nje, kwa miaka mingi ya kufagia na kumwaga taka, ilikuwa imepanda juu kuliko sakafu ya ndani, kwa hiyo kila tone lilikimbilia kanisani. Mtaro wa zamani ulikuwapo bado, umefunikwa na magugu. Wazee waliojenga walijua kazi yao. Waliokuja baadaye waliacha kuuzibua.

Basi kazi ilianza chini, mbali na ufa wenyewe. Vijana walichimba mtaro, hatua mbili kutoka ukutani, wenye mteremko wa kupeleka maji kijitoni, upande wa chini. Ardhi iliyopanda ilishushwa mpaka mawe ya msingi yakaonekana. Mabati yaliongezwa ili matone yaangukie mtaroni. Hapo ndipo simenti ya ghalani ilipopata kazi yake: sakafu ya mtaro, na baadaye kituo cha pipa la maji ya mvua. Kijana yule aliyetaka kubomoa ndiye aliyesimamia mtaro, na mpaka leo ni yeye anayeuzibua. Simenti si adui. Kila kitu kina mahali pake.

Baadaye tulivua lipu, polepole, kwa nyundo ndogo, tukiwa tumesimika miti ya kushikilia ukuta. Tulikwangua tope. Halafu tukangoja. Kungoja ndiko kulikokuwa kugumu kuliko kazi yote. Watu walitaka kuwasha moto ndani ili ukuta ukauke kabla ya Pasaka, lakini mzee alikataa, maana ukuta ukikaushwa kwa haraka hupasuka. Kuna kanuni ya mafundi isemayo kwamba ukuta mnene hukauka kadiri ya sentimita mbili na nusu kwa mwezi. Ukuta wetu una sentimita hamsini, na hewa ya msitu ni nzito. Hesabu hiyo kila mtu aweza kuifanya. Tulisali Pasaka nje, na tuliposali Noeli tulikuwa nje bado.

Pembe moja haikupona. Ilibidi kuibomoa karibu mita tatu na kuijenga upya, jiwe kwa jiwe, kwa mawe yaleyale. Mahali pengine tulitoa mawe yaliyooza moja moja, tukatia mengine ya namna ileile, tukayaunga kwa udongo wa kichuguu, mchanga na chokaa. Mwisho tulipaka lipu nyembamba ya chokaa, tabaka juu ya tabaka, tukiifunika kwa majani mabichi isikauke upesi. Chokaa ni kitu cha ajabu. Ni jiwe lililochomwa kwa moto. Likitiwa maji huchemka lenyewe, nalo laweza kuunguza ngozi na macho, kwa hiyo watoto wakae mbali. Likishapakwa ukutani huvuta hewa, na polepole hurudi kuwa jiwe.

Je, kanisa limepona? Limesimama, na watoto wamerudi ndani. Chini ya dirisha moja doa la unyevu lipo bado, nasi twalitazama kila mwezi na kulipima kwa kamba. Lapungua. Bibi yule alipoingia mara ya kwanza hakusema neno. Alipitisha kiganja chake ukutani kama mtu anayepapasa shavu la mtoto, akaenda kuketi mahali pake.

Ndugu wasomaji, katika parokia zetu nyingi ziko kuta za namna hii. Kwa hiyo twawashauri mambo machache. Ukuta ukitoa ufa, usikimbilie simenti. Ukuta ukiinama au kutoa mlio, ondoa watu kwanza, kisha mwite fundi. Baada ya mafuriko, osha tope kabla halijakauka, fungua milango na madirisha, na kupaka rangi kuwe kazi ya mwisho. Watafuteni wazee wanaojua kazi ya udongo na chokaa, na muwape vijana wa kujifunza kwao, maana elimu hii haijaandikwa mahali pengi, na wenye nayo wanapungua.

Na mvua ijayo, wengine watakapokuwa wamekimbilia barazani, wewe toka na jani lako la mgomba. Zunguka kanisa, uone maji yanakwenda wapi.