Jua la Mbweni

Kazi hii ya sola niliingizwa na giza. Disemba 2009 umeme unaokuja Unguja kutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika, na kisiwa kikakaa bila gridi mpaka Machi 2010. Nilikuwa kijana wa jenereta pale Darajani: kusafisha plagi, kumwaga oili, kunuka petroli mchana na usiku. Umeme uliporudi, wenye nyumba za wageni hawakuuamini tena. Wakaanza kuulizia betri na inveta, kisha, paneli ziliposhuka bei, sola ya kuunganishwa na gridi. Nikawafuata wateja wangu mpaka juu ya mapaa.

Anayelaumiwa kwanza ni inveta, maana ndiyo yenye kioo na ndiyo inayopiga kelele. Mtu anapiga simu: "Fundi, jua kali hivi, umeme umekatika, na sola yako nayo imezima!" Kama mfumo hauna betri, hapo hakuna ubovu. Inveta ya gridi imeundwa ijizime gridi ikizimika, isije ikarudisha volti 230 kwenye nyaya na kumuua aliye juu ya nguzo. Yenye betri hujitenga na gridi kwanza, ndipo ikalisha saketi zilizochaguliwa. Kiyoyozi aghalabu hakimo, na hilo mteja hulijua siku umeme unapokatika.

Pwani nayo ina maudhi yake. Chumvi hugeuza vichwa vya betri kuwa kijani. Mjusi kafiri huingia ndani ya inveta kutafuta joto, akagusa pasipoguswa, akafa na bodi. Kule Paje nilikuta betri nne za asidi za volti 12 zimeungwa mfululizo. Kioo kinasema zimejaa, lakini saa nne usiku hazifiki. Nilizipima mojamoja friji ikiwa inavuta: tatu zilisimama juu ya 12, ya nne ikaporomoka hadi 9 na ushei. Kioo husoma jumla ya zote, hakimwoni mgonjwa aliye katikati. Hiyo ya nne ilikuwa ikikauka upesi kuliko wenzake, na mlinzi, kwa huruma, akiinywesha maji ya kisima.

Kisa kilichonisumbua kichwa zaidi ni cha bibi mmoja wa Mbweni. Tangu afungiwe sola, yuniti zake zilikuwa zinakwisha haraka kuliko zamani, na alikuwa na daftari la kuthibitisha. Aliyemfungia alimwambia mita mbovu. Jirani alimwambia anaibiwa.

Nilikwenda saa sita mchana. Kioo cha inveta kilidai nyumba inavuta karibu wati 1,400 kutoka gridi, ilhali paneli zilikuwa zinazalisha kwa nguvu zote. Nikazima saketi breka za nyumba moja baada ya nyingine. Namba haikushuka, ikapanda. Nilipozima ya mwisho ilikuwa imepita 2,000, na ndani hapakuwa na hata taa.

Nikafungua kisanduku cha mita. Inveta hujua umeme unaelekea wapi kwa kibano kidogo cha plastiki kinachoukumbatia waya mkuu, na ubavuni kimepigwa chapa ya mshale. Mshale ulikuwa umetazama upande usio wake. Basi kila umeme ulipotoka nje, inveta ilisoma kuwa unaingia. Ikadhani nyumba ina njaa, ikaongeza. Ulivyozidi kutoka, nayo ikazidi kuongeza. Na mita ile ni ya aina isiyobagua: ukiingia inahesabu, ukitoka inahesabu, vyote inakukata yuniti.

Nilikibandua kibano, nikakigeuza, kikalia "ka". Namba ikateremka taratibu hadi karibu na sifuri. Kisha nikarudisha breka, nikazima paneli na betri, nikamwomba awashe pasi, nione kama kioo kitaonyesha kuvuta. Kikaonyesha.

"Kwa hiyo mwanangu, jua langu mwenyewe ndilo nililokuwa nalinunua?"

"Ndiyo, bibi."

Akauliza nani atamrudishia pesa zake. Hilo halikuwa langu kuamua. Nilimwandikia vipimo kwenye daftari lake, vya kabla na vya baada, nikatia sahihi, ampelekee aliyemfungia. Na kwenye kibano nikachora mshale mwingine, mkubwa, kwa wino mwekundu.