Hayo ni ya Serikali



Mwaka 2002 jimbo la North Carolina, Marekani, lilitunga sheria iliyovitaka vituo 14 vya umeme wa makaa ya mawe vipunguze oksidi za nitrojeni kwa asilimia 77 kufikia 2009, na dioksidi ya salfa kwa asilimia 73 kufikia 2013. Halmashauri za milimani, ambako ukungu wa moshi ulifunika vilele vya Great Smoky, hazikuwa na mamlaka juu ya vingi vya vituo hivyo. Tena moshi hauulizi mipaka ya wilaya. Hata hivyo zilipitisha maazimio ya kuunga mkono muswada ule.

Nayasimulia haya kwa aibu, maana mimi nilifanya kinyume. Waumini waliwahi kuniletea barua ya kumpelekea diwani, kuhusu moshi wa tanuru la matofali karibu na kigango. Nikawajibu, “Hayo ni ya serikali; sisi tusali.” Mama mmoja, ambaye mwanawe ana pumu, akasema kwa upole, “Baba, tulisali usiku kucha. Mtoto hakulala.”

Siku ya tatu niliitafuta ile barua ili nitie sahihi. Ilikwisha kupelekwa.