Matufaa ya Miaka ya Sukari ya Mgawo

Wanaosimulia mwanzo wa miaka ya 1980 Tanzania huanza na foleni, na wana haki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, vita vya Uganda vya 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, mafuta yalikuwa yamepanda bei na fedha za kigeni hazipatikani. Sabuni, khanga, sukari, vyote vikaitwa bidhaa adimu. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa walanguzi na wahujumu uchumi, tukasikiliza habari zake redioni kila jioni. Mimi niliyaona hayo nikiwa Lushoto, nilikoolewa, na huko milimani dhiki ilikuwa na sura ambayo wasimulizi wengi huisahau. Sukari ilikuwa hakuna, lakini matunda yalikuwa yakioza.

Usambara Magharibi ni nchi ya baridi na ukungu. Miti ya matunda ya Ulaya ilistawi huko tangu zama za Wajerumani, Lushoto ilipoitwa Wilhelmstal. Kila ua ulikuwa na mplamu au mpichi, na wenye viwanja vya juu zaidi walikuwa na mitufaa, maana mtufaa usipopata baridi hausinzii, na usiposinzia hauchipui sawasawa. Miaka ya neema malori yalikuja kubeba matunda kwenda Tanga na Dar es Salaam. Miaka ile dizeli ilikosekana, tairi zikakosekana, na Jumapili kuanzia saa nane mchana magari ya watu binafsi yalizuiwa kutembea. Mzigo haukushuka Mombo, kwenye barabara kuu. Watu wa mjini wakawa wanatamani tunda, sisi tunakanyaga yaliyoanguka.

Mama mkwe wangu hakukubali. Januari 1984 alimchukua mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka minne, akamkabidhi kikapu kidogo. Kama bibi zetu wote, alimwita mjukuu huyo mume wake.

"Mume wangu, usilivute," akamwambia chini ya mtufaa. "Linyanyue kwa kiganja, kisha lizungushe."

Mtoto alivuta hata hivyo, na tunda likaja na kijiti chake. Bibi hakumgombeza. Alikiokota kile kijiti kinene, kifupi, chenye mikunjo, akamwonyesha macho yaliyovimba nchani. Mtufaa huzaa kwenye vijiti hivyo hivyo mwaka hadi mwaka. Ukikikwanyua, umechuma na la mwakani. Kisha akapasua tunda kwa kisu, wakatazama mbegu pamoja. Zikiwa nyeupe, yaacheni mtini. Zikiwa za kahawia, chumeni. Tangu hapo mwanangu alinyanyua na kuzungusha, polepole, huku ametoa ulimi, na kila tunda lilipoachia lenyewe alimwita bibi aje aone.

Jikoni ndiko lilikokuwa tatizo la sukari. Mgawo wetu, tuliopata kwa kupitia balozi wa nyumba kumi, haukutosha hata chai. Mama mkwe akakata miwa ya bondeni, akaimenya, tukaitwanga kinuni na kuikamua kwa kitambaa. Maji yale ya miwa aliyachemsha kwa kuni za muwati mpaka yakawa mazito na rangi ya asali. Maganda ya matufaa na mioyo yake hakutupa. Alivitia maji, akavichemsha peke yake, akachuja, kwa kuwa humo ndimo ilimo nguvu ya kugandisha. Nyama ya matunda ikaingia sufuriani pamoja na hayo yote, na mimi nikatia iliki niliyoletewa kutoka Muheza. Mwanangu alipewa kazi ya kuangalia povu: likipanda, amwite bibi. Alikaa kwenye kigoda, mbali kidogo na moto, na hakutoka mpaka mwiko ulipopita chini ya sufuria ukaacha njia isiyojifunga upesi.

Jamu hiyo tuliijaza kwenye chupa tulizozichemsha. Matufaa mengine tuliyakata vipande vyembamba, tukayakausha darini juu ya moshi. Masika yalipofunga njia, tulikula jamu ile kwa magimbi ya kuchemsha, na uji wa watoto ukawa hauna sukari lakini una matufaa. Majirani walikuja kuonja, kisha wakaja na miwa yao kujifunza.

Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Aprili mwaka huohuo, na taratibu uchumi ukafuata njia nyingine. Sukari ikarudi madukani, miwa ikaacha kukamuliwa kwa ajili ya jamu. Mpaka leo vijana wanakimbilia mabasi Mombo na ndoo za matunda ya Lushoto, wakiuza kwa bei ya kutupa kwa sababu yakilala yameharibika. Kila nikiwaona naumia, kwa kuwa nilishuhudia kwamba dawa ya hasara hii tulikuwa nayo, na aliyeijua hakuwahi kukaa darasani.

Ndiyo maana wajukuu wangu wakija likizo nawapeleka mitini, na sikubali waishie kuchuma. Wanamenya, wanakoroga, wanaangalia povu. Mtoto aliyeishia kula tunda anajua utamu wake tu. Aliyelichuma bila kuukwanyua mti, akalipika likafika masika, anajua namna ya kuishi katika nchi yenye msimu wa neema na msimu wa dhiki, na nchi yetu ina misimu yote miwili.