Bodi Yangu Haikuwa Inalala

Nilimwekea shosho kifaa cha kupima maji ya tangi, nikamwambia, "Shosho, wacha kupanda ngazi. Maji yakipungua, taa itawaka." Siku ya pili betri zikaisha. Taa haikuwaka. Tangi likakauka, ng'ombe wakalala na kiu.

Hesabu ingenionya. Arduino Uno hula karibu mA 50. Betri zangu zilikuwa za mAh 2000. Hizo ni saa 40 tu.

Nikaandika programu ya kulaza chipu, iamke kila sekunde 8, ipime, ilale. Wapi! Matumizi yakashuka kidogo tu. Kumbe chipu ililala, lakini taa ya pawa, chipu ya USB na regyuleta zilikuwa macho usiku kucha.

Nikahamia Pro Mini ya volti 3.3, haina chipu ya USB. Nikabandua taa ya pawa, nikapitisha betri moja kwa moja bila regyuleta. Sensa nayo inapata umeme wakati wa kupima pekee. Huu ni mwezi wa tatu, betri ni ileile.

So kabla ununue betri kubwa, angalia ni nani ako macho kwa bodi yako bila kazi.

Shosho bado hupanda ngazi kuhakikisha. Na siwezi mlaumu.