Karavani ya mama na lango la mkwe

Ukitaka kujua mtaa wenu una madereva wangapi, ngoja siku mtu atakapojaribu kurudisha trela nyuma langoni pake. Hata muuza sukuma wiki ambaye hajawahi kushika usukani ataweka kikapu chini aje kuelekeza. "Leta! Leta! Kata! Kata kabisa!" Na kishindo kikisikika, huyo huyo ndiye wa kwanza kusema, "Basi, umegonga."

Wengi wetu tumezoea trela za makontena zinazotoka bandari ya Mombasa kwenda Malaba. Iliyotuletea shughuli sisi ilikuwa trela ya aina nyingine. Ilikuwa karavani, yaani kijumba chenye kitanda, dirisha na jiko dogo, kilichojengwa juu ya magurudumu mawili ili kivutwe na gari. Wenye nafasi huivuta wakaenda kupumzika kando ya ziwa. Sisi tuliinunua kwa ajili ya figo za mama.

Mama yangu husafishwa damu mara mbili kwa wiki, na kila kikao huchukua karibu saa nne. Ndugu yangu aliyekuwa akimsindikiza kutoka kijijini Butere alihamishwa kazi, na ikabidi mama aje kwangu Nakuru. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kwetu Uluhyani, mama mzazi halali chini ya paa la mume wa bintiye. Najua siku hizi wapo wasiojali, na sitawahukumu. Mama anajali. Aliniambia kwa simu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua, kwamba afadhali figo zimmalize kuliko kuvuka heshima ya mkwe akiwa na umri wa miaka 71.

Tulifikiria kumpangia chumba jirani, lakini usiku akizidiwa nani atamsikia? Ndipo dada yangu mdogo alipoiona karavani kuukuu ikiuzwa Naivasha. Tukachangishana, sisi wanawe wanne tu, bila hata senti moja ya mume wangu. Mama alipoelezwa aliuliza maswali mawili. Je, nyumba hiyo imejengwa na mkwe? Hapana, mama. Je, mlango wake utatazamana na mlango wa mkwe? Hilo la pili hatukuwa tumelifikiria.

Basi fikiria, msomaji. Kiwanja chetu ni cha futi 50 kwa 100. Ukiingia langoni, nyumba iko upande mmoja pamoja na tangi la maji, na upande wa pili ni ua wa michongoma. Mlango wa karavani uko ubavuni, upande wa kushoto. Ukiivuta ikaingia kichwa mbele, mlango unatazama nyumba yetu, na pikapu iliyoivuta inabaki imefungiwa ndani isipate pa kugeukia. Ukiiingiza kinyumenyume, mlango unatazama michongoma na pikapu inatoka zake. Kwa hiyo ilikuwa lazima iingie kinyumenyume. Lango lina upana wa mita 3.2, karavani ina mita 2.2. Kila upande nusu mita, kisha nguzo ya zege.

Mume wangu ni dereva mzuri. Ameendesha gari miaka kumi na minane bila kumgusa mtu. Lakini gari lenye mkia si gari lile unalolijua. Ukizungusha usukani kushoto huku unarudi nyuma, kisigino cha pikapu kinakwenda kushoto, kinausukuma mkono wa karavani, na mkia wa karavani unakimbilia kulia. Ukichelewa kurekebisha, pikapu na karavani zinajikunja kama kisu cha mfukoni. Jumamosi hiyo zilijikunja mara tatu. Mara ya tatu kona ya karavani ilisimama upana wa kiganja kutoka kwenye nguzo, na gurudumu la nyuma la pikapu lilikuwa linaning'inia juu ya mtaro.

Kufikia hapo tulikuwa na waelekezaji wasiopungua tisa. Mmoja akisema "kata kushoto" alimaanisha usukani, mwingine akimaanisha mkia, na wote walikuwa wanasema kweli.

Chini ya mparachichi alikuwa ameketi mjomba wangu, kakake mama, amekuja kuwakilisha ukoo. Mjomba aliendesha trela kati ya Mombasa, Kampala na Kigali kwa miaka 31. Alitazama yote hayo akinywa chai, kimya. Mgeni angedhani anamcheka mkwe. La hasha. Mjomba wa mke hawezi kumsahihisha mkwe mbele ya watu, na mkwe naye hawezi kumwomba mjomba wa mkewe atoe jasho kwa ajili yake. Heshima ilikuwa imewafunga wote wawili, na saa ilikuwa inakaribia kumi jioni. Mama alikuwa awasili kesho yake, aende kliniki Jumatatu.

Hatimaye akaniita. "Mwanangu," akasema, akinitazama mimi ilhali mume wangu alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu akisikia kila neno, "mwambie bwana mkwe kwamba lango liko upande mbaya."

Alikuwa na maana hii. Magari yetu yana usukani kulia. Dereva anayerudi nyuma akipinda kulia huuona mkia katika kioo chake na hata kwa macho yake akichungulia dirishani. Akipinda kushoto, mkia unapotea na anaendesha kwa imani. Sisi tulikuwa tumekuja kutoka mjini, lango likiwa kushoto. Dawa ilikuwa kwenda hadi uwanja wa kanisa, kugeuza, na kurudi kutoka upande wa pili. Tisa wote hawakuliona hilo.

"Mwambie pia ashike usukani chini, palipo saa sita upande wa tumbo. Mkono ukienda kulia, mkia utakwenda kulia. Asipindue sana. Hiki ni kifupi, na kifupi ni kikaidi. Trela yangu ndefu ilikuwa na subira." Aliendelea hivyo kwa mfano wa mtu anayetuma salamu. Asianze kukata mkia unapofika langoni, angoje hadi magurudumu ya karavani yakaribie nguzo, kwa sababu trela hugeukia penye magurudumu. Ikianza kujikunja, asonge mbele ainyooshe, maana kwenda mbele si kushindwa. Jirani wa ng'ambo aombwe afungue lango lake, kwani pua ya pikapu itahitaji pa kuingia. Na neno kushoto lisitajwe tena, wala kulia. Useme "mkia tangini" au "mkia michongomani", basi.

Nami niliwekwa kuwa utingo. Nisimame ninapoweza kuuona uso wa dereva katika kioo chake. Nisipouona, naye hanioni, na asiponiona asimame. Sauti iwe yangu pekee. Neno moja tu liliruhusiwa kwa kila mtu, hata mtoto: "Simama!" (Siku hizi magari mengi yana kamera ya nyuma. Karavani ikishafungwa, kamera hiyo inaona bati la karavani tu.)

Halafu akauliza watoto wako wapi. Nikasema wanacheza. Uso wake ukabadilika. Akanieleza kwamba mwaka 1996, huko Eldoret, alikuwa akirudi nyuma kwenye ghala la mahindi pakiwa na watu wengi wanaopiga kelele za leta leta. Utingo wake akagonga ubavu wa trela mara mbili. Akakanyaga breki. Nyuma ya gurudumu mtoto mdogo alikuwa amechutama, anaokota punje zilizomwagika. Umati wote ulikuwa unatazama juu, penye nguzo. "Nilizima injini," akasema, "nikakaa humo ndani hadi miguu ikaacha kutetemeka."

Watoto walikuwa watano, watatu wetu na wawili wa jirani. Tuliwakalisha kwenye benchi barazani, shangazi yao akiwahesabu kwa sauti kila baada ya muda. Mume wangu hakuwasha gari mpaka alipoisikia ile tano.

Akaja kutoka upande wa kanisa, taratibu, mkono chini ya usukani. "Mkia michongomani kidogo." Ukaja. "Zaidi." Ukaja. Akasimama, akashuka, akatazama nguzo zote mbili na tawi la mparachichi juu ya paa, akapanda tena. Hakuna aliyemcheka. Alisonga mbele mara mbili kunyoosha. Mara ya pili pua ya pikapu iliingia langoni kwa jirani karibu na kamba ya nguo zake, na mwenye nyumba akaziondoa mwenyewe bila kusema neno. Kisha karavani ikapita katikati ya nguzo, polepole, kama ng'ombe anayejua zizi lake.

Mjomba akainuka kwa mara ya kwanza. Akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu kabla pikapu haijafunguliwa, akanikabidhi kikombe. "Mwambie bwana mkwe," akasema, "angeweza kufika Kigali."

Mume wangu alikuwa ameegemea lango, shati limelowa jasho mgongoni. "Mwambie mjomba asante," akanijibu.

Mama alifika Jumapili saa tisa. Alizunguka karavani mara moja akiigusagusa kwa kiganja, akasimama mlangoni, akatazama mbele. Michongoma mitupu. Akavua viatu, akaingia.