Watu Hawataki Stima

Kila mtu aliyeacha chuo hapa Kenya ameshasomewa orodha ya watakatifu wake. Bill Gates. Steve Jobs. Yule wa Facebook. Mjomba atakushika bega harusini, akwambie hata hao waliacha, halafu ageuke kutafuta pilau. Mimi nina wangu ambaye hakuna mjomba amewahi kumtaja: Amory Lovins, mwanafizikia Mmarekani aliyezaliwa 1947, ambaye ametumia zaidi ya miaka hamsini kuchambua jinsi nchi zinavyopata nishati na jinsi zinavyoipoteza.

Nilikutana naye kikazi. Mteja alitaka maneno 2,000 kuhusu sera ya nishati na tabianchi, na mimi huandika chochote kinacholipa kodi ya nyumba. Kazi nikaituma. Kusoma sikuacha.

Lovins aliingia Harvard 1964, akahamia Oxford 1967, na akiwa na miaka 21 tu akapewa nafasi ya utafiti hukohuko. Anasimulia kwamba alitaka kufanya udaktari kuhusu nishati, akaambiwa hilo si somo, achague lingine. Mwaka 1971 akaondoka, akafanya kazi na Friends of the Earth jijini London. Miaka miwili baadaye nchi za Kiarabu zikazuia mafuta, bei ikapanda karibu mara nne, na ghafla kila serikali ikawa inatafuta mtu anayejua hilo somo lisilokuwepo.

Hapa mjomba angepiga makofi. Lakini tusidanganyane. Lovins aliondoka kwa sababu somo halikuwepo. Mimi niliondoka kwa sababu karo haikuwepo. Hiyo ni milango miwili tofauti, hata kama yote inatokea barabarani. Kwa hivyo simweki moyoni anifariji. Namweka kwa sababu ya swali lake.

Oktoba 1976 alichapisha makala kwenye jarida la Foreign Affairs. Wataalamu wa wakati huo walianzia kwenye mitambo: mahitaji yanapanda kila mwaka, basi tujenge mitambo kadhaa ya makaa ya mawe na kadhaa ya nyuklia. Lovins akaanzia upande wa pili. Nishati ni ya kufanyia nini? Watu, alisema, hawataki stima kwa ajili ya stima. Wanataka maji ya moto ya kuoga na bia baridi. Ijue kazi kwanza, halafu utafute njia ndogo na nafuu inayoitosha. Miaka baadaye alikuta kosa la chapa kwenye ripoti ya Colorado, "megawati" imeandikwa "negawati", akalichukua likawa jina la stima ambayo hukuhitaji kuizalisha.

Wakubwa wa sekta walimpinga vikali. Mwaka 2000 ulipofika, matumizi ya nishati Marekani yalikuwa karibu na hesabu yake kuliko makadirio ya wale wakubwa. Lakini upande mwingine alipotea: alitarajia jua, upepo na wenzake wawe wamebeba karibu theluthi ya mzigo, na havikufika hata sehemu ya kumi.

Sasa lete hilo swali mtaani kwetu.

Mamangu huuza githeri kwenye kibanda. Mihula yangu yote niliyosoma ililipwa na jiko moja la makaa. Februari 2018 ikatoka marufuku ya kukata miti msituni, na bei ya gunia la makaa ikaruka. Simlaumu mtu. Misitu ilikuwa inaisha, na mito inaanzia humo. Lakini bei ya sahani ya githeri haiwezi kuruka na gunia. Wateja wa mama ni watu wa mjengo, ukiongeza shilingi kumi wanahamia kwa jirani. Faida ikawa majivu. Muhula uliofuata sikurudi.

Niliposoma Lovins ndipo nilipata maneno ya kueleza kilichotupata. Sera ilianzia msituni, kwenye mti. Pale kibandani, makaa yalikuwa ya kuivisha maharagwe, na maharagwe yalikuwa ya kunisomesha.

Usiniambie negawati, mama angesema. Mmarekani wa kawaida anatumia uniti zaidi ya 12,000 za stima kwa mwaka. Mkenya hafikishi hata 300. Huwezi kumwambia anayenunua tokeni ya shilingi hamsini abane matumizi. Atabana nini? Ila swali lenyewe bado linafanya kazi. Stima yetu tunajivunia ni safi: mvuke wa Olkaria, mito, upepo wa Turkana. Na bado sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya nusu ya nyumba za Kenya zinapikia kuni. Ukihesabu megawati tunapendeza. Ukihesabu sufuria, ni hadithi nyingine.

Mteja wangu alilipa baada ya mwezi mzima. Nikamnunulia mama sufuria ya presha ya stima, ile inayofungika kabisa na kushika joto ndani, maharagwe yakaiva bila jiko kuwaka asubuhi nzima.

Aliizunguka siku mbili kama ng'ombe mgeni. Ya tatu akaijaza.

"Chapati nazo?" nikamuuliza.

"Chapati ni za makaa. Usinifundishe kazi."

Kisha akatoa daftari la madeni, akageuza ukurasa mpya, akachora mstari katikati. Tokeni upande huu, makaa upande ule. Anaandika kila jioni kabla ya kufunga, na hataki niguse kalamu.

"Wewe na huyo mzungu wako ngojeni," aliniambia. "Mwezi uishe kwanza, tuone."